Bonde Lisilokauka

Kompyuta ilimaliza kazi saa nane usiku. Nilikuwa nimejilaza mkekani sebuleni kwa shangazi, laptopu iko juu ya kiti cha plastiki, imechomekwa kwenye betri ya sola ambayo kwa kawaida huwasha balbu tatu na kuchaji simu za nusu ya kitongoji. Jioni ile majirani walirudishwa na simu zao zikiwa zimezima, kwa sababu mtoto wa chuo alikuwa anapiga hesabu za ndege.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Unaipa programu sehemu zote ambazo korongo taji amewahi kuonekana, pamoja na mvua ya pale, joto, mwinuko, mteremko, uoto na umbali kutoka majini. Nayo inajifunza ndege huyu anapenda nini. Kisha unaondoa joto na mvua ya leo, unaweka zile zinazokadiriwa kwa miaka ya 2050, unauliza tena: sasa ataishi wapi? Programu inaikata nchi vipande vidogo vya mraba na kukipa kila kimoja alama kati ya sifuri na moja. Nilikuwa nimechagua nyekundu kwa alama za juu. Ndiyo rangi ambayo wakubwa wanaielewa haraka kwenye mikutano.

Ramani ilifunguka kutoka juu kwenda chini, polepole kama pazia. Sehemu kubwa ya kata ya Mabira ilikuwa kijivu. Vilima vyote kijivu. Halafu katikati ya kijivu hicho ukatokea mstari mwembamba mwekundu uliojikunja kama kiwiko. Kiwiko hicho nilikijua. Nimekipita mamia ya mara nikiwa na ndoo kichwani. Ndani ya mkunjo wake kuna matuta ya viazi na maharage ya mwanamke aliyekuwa anakoroma chumba cha pili, yule yule aliyenisomesha kwa matuta hayo.

Nikafunga laptopu. Nilijiambia nimechoka, nitaangalia vizuri asubuhi.

Ukiandika "Mabira" kwenye intaneti utapelekwa Uganda, kwenye msitu ulio kati ya Kampala na Jinja, ule ambao mwaka 2007 watu waliingia barabarani kuupigania usigeuzwe shamba la miwa. Mabira yetu haina msitu wa kupigania. Ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa Kinyambo msitu ni ekibira, kwa hiyo tunaishi mahali panapoitwa Misitu, na misitu tuliyonayo ni mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Kilichobaki ni migomba na kahawa kwenye miteremko, nyasi juu ya vilima, na chini kabisa, mabondeni, mafunjo.

Mabondeni ndiko anakoishi ndege wangu. Unamjua hata kama hujafika kwetu: ndiye aliye katikati ya bendera ya Uganda, mwenye taji la manyoya ya dhahabu na mguu mmoja umeinuliwa. Kwetu anaitwa entuha. Mwaka 2012 IUCN ilimwingiza kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake kuporomoka karibu kila mahali anapoishi. Wanakausha madimbwi yake, wanakamata vifaranga wake na kuwauza wakafugwe kwenye bustani za watu wenye nafasi. Ndiyo maana sitataja jina la bonde letu. Wanaonunua vifaranga nao wanasoma.

Kiswahili kimemfanyia mzaha kidogo. Korongo ni ndege, korongo pia ni mnyama mwenye pembe anayekula nyasi, na korongo ni lile shimo refu linalochimbwa na maji ya mvua. Siku ya kwanza nilipojitambulisha kwa wazee na kusema nimekuja kutafuta namna ya kulinda korongo, mzee mmoja alinikazia macho kwa huruma. "Binti," akasema, "sisi makorongo tunayafukia."

Watu wa chuoni waliniuliza kwa nini nihangaike na mashamba ya watu wakati hifadhi zipo. Ni kweli zipo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na kusini yake ikaundwa Burigi-Chato. Hizi za kwetu ni ndogo. Ibanda-Kyerwa haifiki kilomita za mraba 300, Rumanyika-Karagwe ni karibu 250. Burigi-Chato peke yake inapita kilomita za mraba 4,700. Lakini udogo si tatizo lote. Tatizo ni kwamba mpaka wa hifadhi umesimama na hali ya hewa inatembea.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo utafiti wangu ulipoanzia. Ukipanda mlima, kila mita 100 joto hupungua kwa takriban nusu digrii au zaidi kidogo. Kiumbe anayeishi kwenye mteremko mkali, joto likiongezeka kwa digrii moja, anaweza kupanda mita mia mbili hivi akaendelea na maisha. Anayeishi kwenye tambarare itabidi asafiri kilomita nyingi kuitafuta ile hali aliyoizoea. Kwa hiyo wanaopanga maeneo ya wanyama siku hizi hawatafuti tu mahali walipo leo. Wanatafuta njia za kupandia na kuvukia, na wanatafuta zile sehemu ambazo, kwa sababu ya kivuli, chemchemi au umbo la ardhi, zitabadilika polepole kuliko majirani zake. Sehemu hizo kwa Kiswahili tunaziita makimbilio.

Kwenye karatasi, nchi ya vilima kama Karagwe inapaswa kuwa na bahati. Ukija kuitembea unaona shida. Vilima vyetu ni vyembamba na juu yake ni fupi. Ukipanda unakutana na kibanja cha mtu, ukipanda tena unakutana na kanisa au shule, ukipanda tena kilima kimeisha.

Na wanyama hawajawahi kuitambua mipaka hii. Ng'ambo ya Mto Kagera kuna Akagera ya Rwanda, iliyotengwa mwaka 1934, ikapunguzwa zaidi ya nusu mwaka 1997 ili wakimbizi waliokuwa wanarudi wapate ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaru weusi walikamatwa upande wetu wa Karagwe wakavushwa kwenda huko. Wote walikuja kuisha kwa ujangili, na mwaka 2017 ikabidi waletwe wengine 18 kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2009 ripoti ya kitaifa iliorodhesha shoroba 31 za wanyama nchini, na mojawapo ilikuwa Burigi hadi Akagera. Mwaka 2018 zikaja kanuni za shoroba na maeneo ya kinga. Makaratasi yapo, na mengine ni mazuri sana. Lakini korongo wangu hahitaji ushoroba wa tembo. Anaruka. Anachohitaji ni mahali pa kutua ambapo bado pana maji.

Maji ya kina maalumu, hapo ndipo ugumu ulipo. Jike na dume hukanyaga mafunjo na nyasi wakatengeneza kitu kama sinia pana katikati ya maji. Jike hutaga mayai mawili, matatu, nadra manne. Wanaatamia kwa zamu, siku 28 hadi 31. Kifaranga akitoka anatembea mapema, lakini hawezi kuruka mpaka apite karibu miezi miwili, wengine zaidi ya mitatu. Muda wote huo maji ndiyo ukuta wa nyumba. Yakipungua, mbwa na ng'ombe wanafika kwenye kiota kwa miguu. Yakijaa ghafla, mayai yanaelea. Joto la digrii mbili zaidi huenda ndege huyu akalivumilia. Masika yanayokatika mapema, kisha vuli inayoshuka yote kwa wiki moja, hayavumilii.

Kwa hiyo makimbilio yake ni bonde ambalo halikauki kiangazi na halifuriki vuli. Mabonde ya namna hiyo ni machache. Modeli ililiona moja.

Asubuhi nilimwonyesha shangazi. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno kama "tathmini" na "makadirio." Akaniachia nimalize, akasogeza uso karibu na kioo, akafuata kiwiko chekundu kwa kidole chenye maganda ya ndizi.

"Huu ndio mto wetu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hii nyekundu maana yake nini?"

"Kwamba hata mvua zikiharibika, hapo patabaki na maji."

Akarudi kumenya ndizi zake. "Hayo maji hayajaondoka pale tangu nizaliwe. Entuha anajua, mimi najua. Wewe umesoma miaka mingapi?"

Nikahesabu. Kumi na minane, ukiacha chekechea.

"Basi," akasema, "mwanangu, ungeniuliza tukaokoa betri."

Tulicheka wote, kisha mimi nikaacha kucheka, kwa sababu sikuwa nimemweleza nusu ya pili. Nusu ya pili ni kwamba ramani ya aina ile haichorwi ili itazamwe. Inachorwa ili mtu fulani ofisini aweke mstari kuzunguka nyekundu. Na mstari ukishawekwa, sheria iko tayari kuulinda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa shughuli za kudumu au zile zinazoweza kudhuru mazingira ya hapo. Nilipima bonde letu kwa hatua. Pale kwenye kiwiko, kutoka mguu wa kilima hiki hadi mguu wa kile, hatua 104. Ukitoa mita 60 kila upande hakibaki kitu.

Wasiotoka kwetu inabidi waelewe bonde ni nini. Kibanja cha shangazi juu ya kilima kina kahawa, migomba na parachichi mbili. Kahawa inalipa mara moja kwa mwaka. Kati ya Juni na Septemba, kahawa ikisubiri mnunuzi na maharage ya masika yamekwisha kuliwa, ndipo watu wanapouza butura, yaani wanauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya mwenye fedha. Ukishaingia butura mwaka huu, mwaka ujao unaanza na deni. Shangazi hajawahi kuuza butura. Si kwa sababu ana akili kuliko majirani, yeye mwenyewe anasema hivyo. Ni kwa sababu Juni, kila mtu anapotazama juu kuona kama mvua itarudi, yeye hushuka bondeni na jembe. Septemba ana viazi, ana maharage mabichi, ana kabichi za kupeleka Nkwenda siku ya soko. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kabichi. Nauli ya kwanza ya kwenda chuo pia.

Ndiyo maana nyekundu ile ilinikosesha usingizi. Modeli haikukosea. Ilipata mahali ambapo kiangazi kikiwa kibaya kuna uhai, na watu walikuwa wamepapata mahali hapo zamani, kwa sababu ile ile. Kiwiko kilikuwa makimbilio ya ndege na makimbilio yetu. Na mimi, niliyelishwa na sehemu hiyo, ndiye niliyekuwa nataka kuitia rangi.

Nilimwambia siku ya tatu, tukiwa jikoni ambako giza linasaidia. Nilimwambia kila kitu, mita 60 na yote. Hakukasirika. Aliniuliza kama nilijua neno "makimbilio" amelisikia lini kwanza. Ilikuwa redioni, mwaka 1994, wakati Wanyarwanda walipovuka Kagera, na Karagwe ikajaa kambi mpaka mwisho wa 1996. Alikuwa msichana. Anakumbuka kilima kizima kikinyolewa kwa ajili ya kuni. "Hatukuwalaumu," akasema. "Mtu akikimbia lazima apike. Lakini hakuna aliyetuuliza kilima kilikuwa cha nani." Kisha: "Sasa huyu entuha anakimbilia kwangu. Nimpokee. Mimi nikimbilie wapi?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa nilikuwa na miezi miwili ya kukaa pale, nikaamua kulitafuta.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kalenda. Nilidhani ndege na jembe wanaweza kupishana: watu walime mwezi huu, ndege atage mwezi ule. Nikachora jedwali zuri. Kisha nikajumlisha. Mwezi mmoja wa kuatamia, miezi miwili hadi mitatu ya kifaranga, jumla minne kama bahati ni mbaya. Shangazi anashuka Juni na kuvuna Septemba, naye ana minne. Kiota nilichokuwa nafuatilia kilitagwa mwisho wa Juni. Hakuna kupishana. Jedwali nikalifanya la kufunikia chungu.

Jibu la pili lilinijia kwa miguu. Nilikuwa nikishuka kila alfajiri kabla jua halijapanda, najificha nyuma ya mafunjo na darubini na daftari, nahesabu nani anaatamia na kwa muda gani. Wiki ya pili nikagundua nilichokuwa natazama bila kukiona. Kiota kilikuwa hatua kumi na moja kutoka tuta la mwisho la shangazi. Kumi na moja! Katikati ulikuwa ukanda wa mafunjo ambao haujaguswa. Nikamuuliza kama anawaachia ndege. Akanitazama kama vile nimemuuliza kama anafuga mawingu. Ukanda ule anauacha kwa sababu mafunjo yanashika maji. Jua likizidi, huchota humo kwa ndoo na kumwagilia. Anakata kidogo kwa mikeka, mengine anayaacha. Mama yake alifanya hivyo. Ndege walikuja wenyewe.

Jembe lake, basi, halikuwa adui niliyemfikiria. Adui nilimkuta upande wa chini, hatua mia mbili mbele, mahali ambapo kiwiko kinanyooka. Jirani, kijana wa umri wangu, tulisoma naye msingi, alikuwa amepanda mikaratusi bondeni na kuchimba mfereji ili miche isioze. Mfereji wa upana wa jembe mbili, kina mpaka kiunoni. Maji ya bonde zima yalikuwa yanateremka humo polepole, mchana na usiku, kama mtungi uliotobolewa chini. Nilikata mwanzi nikausimika karibu na kiota, nikaanza kusoma maji kwa pingili. Mwanzoni mwa Julai, pingili ya nne. Katikati ya Julai, juu kidogo ya ya tatu. Mwisho wa Julai, ya pili, na tope limeanza kuonekana upande wanakopita mbwa.

Nikarudi kwenye ramani yangu. Eneo la mikaratusi lilikuwa jekundu kabisa. Nyekundu kuliko kwa shangazi! Modeli ilikuwa imejifunza kutoka angani kwamba panapobaki kijani kiangazi pana maji, na mikaratusi ni kijani mwaka mzima, ikinywa. Mfereji wenyewe haukuwepo popote kwenye data zangu. Utaonekanaje, wakati nukta moja ya picha ya setilaiti niliyotumia ni mita 10? Nilikuwa nimekaa usiku kucha nikimwogopea shangazi, kumbe ramani ilikuwa inampa zawadi yule anayekausha na kumtia hatiani yule anayehifadhi. Sisemi kompyuta ni mbaya. Bila hiyo nisingejua kwamba mabonde mengine matano ya jirani yatakuwa kijivu, na kwamba hili ni la kulipigania. Lakini swali la nani alime na nani asilime lilikuwa swali baya. Swali lilikuwa kina cha mfereji.

Mkutano wa kijiji ulinipa nafasi baada ya ajenda ya madawati. Kwa sheria, kijiji ndicho kinachopanga matumizi ya ardhi yake: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unapitisha. Ni mfumo mzuri kwenye karatasi, na siku ile niliuona ukifanya kazi kwa dakika arobaini hivi. Sikuonyesha ramani. Nilionyesha mwanzi. Nilisema maji yalikuwa hapa, sasa yako hapa, na ikiendelea hivi mwaka hadi mwaka watu wa upande wa juu hawatavuna maharage ya bondeni. Ndege nilimtaja mwisho. Mzee wa makorongo alikuwepo, na safari hii alielewa vizuri. Akasimama akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Binti, wewe ni wetu. Lakini ukishaandika, nani anakuja baada yako?"

Nilisema sijui. Ndiyo ilikuwa kweli. Nikaongeza kwamba naweza kuchagua ninachoandika.

Kijana wa mikaratusi naye alisema, na sikuweza kumchukia. Alisema fito zake atauza baada ya miaka mitano, kwamba hana kahawa ya kurithi, kwamba wenye bonde la juu wanasema "tuhifadhi" kwa kuwa wameshiba. "Mwenzangu amesomeshwa na bonde," akasema akininyooshea kidole. "Mimi langu linisomeshee watoto." Watu walinyamaza. Mwishowe mkutano ulikubaliana kitu kidogo: mfereji usiongezwe kina, na mdomo wake uzibwe kwa udongo na mawe mpaka mvua za vuli zianze, kisha uangaliwe upya. Hakuna mikaratusi mipya ndani ya mafunjo. Ile iliyopo ibaki mpaka ikatwe. Shangazi alipiga kura ya ndiyo bila kunitazama. Njiani kurudi akasema kijana ana haki, na kwamba mtu aliyesoma angekuja na fito za kumfidia, si na mwanzi tu.

Ng'ambo ya mto wamejaribu hilo. Rwanda inahesabu korongo wake kila mwaka, wakazi wa mabondeni wakiwa walinzi na wahesabuji, na kutoka 487 mwaka 2017 wamepita 1,000. Niliiweka kwenye sura ya mapendekezo. Walikuwa na fedha, walikuwa na daktari wa mifugo aliyejitolea maisha yake, walikuwa na serikali iliyoamua. Sisi tulikuwa na mawe.

Nilipanda kilimani penye mtandao nikampigia msimamizi wangu. Alinisikiliza kwa uvumilivu mkubwa, akafurahia habari ya mfereji, akasema niiweke. Kisha akataka mpaka. Mpangaji hawezi kufanya kazi bila mpaka, akasema, na katika hilo naye hakukosea: lisilo na mstari ndilo linalouzwa kwanza. Usiku huo nilichora upya. Niliondoa mikaratusi kwenye nyekundu. Niliongeza mto mzima, kuanzia chemchemi za juu, kwa sababu kiwiko bila chemchemi ni tope. Halafu nikaitia ramani ukungu, makusudi, mpaka ukiitazama unaona bonde lipo upande gani wa kata, lakini huwezi kuona tuta la mtu. Chini yake nikaandika masharti ya maji kwa sentimita badala ya masharti ya watu kwa mita. Mtahini mmoja ameuliza kwa nini ramani yangu ya mwisho haina makali kama ya kwanza. Nimejibu kwa ukurasa mmoja na nusu. Bado nasubiri.

Mayai yalikuwa matatu. Mwanzi uliposimama pingili ya pili, mawe yalipozibwa, maji yalipanda nusu pingili, yakatulia. Vifaranga wawili walitoka. Mmoja sikumwona tena baada ya siku ya tisa, na sijui kama ni mbwa, au mwewe, au mtu. Wa pili nilimwacha akiwa na miguu mirefu kuliko akili, akikimbia nyuma ya wazazi wake kwenye maharage yaliyovunwa, wakipiga miguu chini ili wadudu watoke.

Shangazi ndiye anayesoma mwanzi sasa. Sikumwomba. Hupiga simu Jumapili baada ya kanisa, tukisalimiana anaanza na bei ya kabichi, kisha habari za goti lake, kisha ananiuliza hicho cheti wanakitoa lini. Maji huyataja mwisho, kama mtu anayetaja afya ya mgeni aliyelala chumba cha nyuma. Wiki iliyopita ilikuwa pingili ya tatu. Kijana wa mikaratusi, akasema, alionekana jioni pale kwenye mawe, amesimama na koleo.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Giza lilikuwa limeingia," shangazi akasema. "Kesho nitashuka niangalie."